Ukurasa wa Ihumwa

Nilianza kupanga kwa kazi:
bomba, umeme, vigae, paa, gipsamu,
kisha kwa kata, kisha mtaa,
kama vyungu juu ya vyungu, kikubwa chini.
Fungua Fundi Bomba, ndani kuna Nkuhungu,
ndani ya Nkuhungu kuna Ndahani Chisanza,
simu yake, picha yake, bei ya kuanzia.
Hatua tatu. Mgeni asipotee uani.

Bosi Masinga alisema: mtambo hausomi moyo, unasoma anwani.
Aliyehamia juzi na wizara yake
hana shangazi wa kumuuliza.
Choo kikifurika, anaandika kwa dole gumba:
fundi karibu na mimi.
Basi sisi tuwe karibu.

Nikajifunza ukoo wa maneno.
Huyu anaandika fundi maji, yule plamba,
mwingine anaandika kilio kizima:
bomba linavuja usiku nifanyeje.
Nikawakaribisha wote, ila kwa kipimo,
maana maji ya hapa yana chumvi tayari,
na mboga ikizidi chumvi hailiki.

Mji huu, inasimuliwa, jina lake ni kuzama:
tembo alikuja kunywa, tope likamshika,
watu wakashangaa, idodomya!
Nami nakwambia, ukurasa wa pili wa majibu
ni tope lile lile.
Wa tatu, hata masikio huyaoni.

Ili tusizame, bosi akataka kata zote.
Kata arobaini na moja, kazi kumi na mbili,
kurasa mia nne tisini na mbili.
Mafundi tuliokuwa nao: themanini na saba.
Nikanakili. Nikabadili jina la kata tu:
fundi bora Zuzu, fundi bora Mbabala, fundi bora Hombolo,
sentensi moja inavua kofia, inavaa kofia.
Tukapanda.
Wiki ya tatu, umeme Ihumwa, tuko wa pili.
Bosi akanunua soda.

Jumanne usiku simu ya ofisi ililia kitandani kwangu.
Mama mmoja, sauti ya chini, kama anaficha mtoto asiamke:
ukuta unatoa cheche.
Mmeandika mna fundi bora Ihumwa.
Anaitwa nani?

Nikafungua ukurasa wangu mwenyewe.
Jina la Ihumwa lilikuwepo, mara sita.
La mtu, hakuna.

Nikasema, mama, zima swichi kuu.
Iko wapi?
Chini ya luku, kisanduku cheupe.
Nikamsikia akivuta stuli,
nikasikia tochi ikigonga ukuta,
nikasikia kimya.
Imezima, akasema. Asante, fundi.

Neno hilo sikulala nalo vizuri.

Asubuhi nilikwenda Ihumwa, vumbi hadi kwenye kope.
Nikamkuta Mhoja Chilimo,
bango lake ni mlango wa friji bovu,
rangi imemwishia kwenye herufi E ya mwisho.
Umefanya kazi wapi? nikamuuliza.
Akahesabu kwa vidole vyenye gundi:
kwa mwalimu wa geti la kijani,
nyuma ya mashine ya kusaga,
kanisani, taa za madhabahu, hawajamalizia kunilipa.
Nikaandika kama alivyosema, isipokuwa la kanisa.
Jioni akaenda kwa yule mama. Panya, akaniambia,
panya walikula waya.

Nikafuta kurasa mia nne na moja.
Moja baada ya moja, bila kumwomba bosi ruhusa.
Tukashuka hadi wa tisa. Soda haikununuliwa,
na mshahara wa mwezi ule ulichelewa kwa sababu zisizotajwa.

Sijui kama tutapanda tena.
Mtambo una siri zake, nami si mganga.
Lakini ukiandika leo fundi umeme Ihumwa,
ukashuka chini kidogo, ukawa na subira,
utaona picha ya mlango wa friji,
na maneno niliyoyaandika mwenyewe, sikunakili popote:
Yupo. Ni mmoja.
Asipopokea, yuko juu ya dari. Piga tena.