Upana wa Dengu

Kazi yangu ni vioo, hapa Naryn.
Watu huniletea pengo, nami nalitafutia kioo.
Kikikataa kuingia nakilaumu kioo
mpaka nifike nyumbani; ndipo najilaumu.

Mama aliliona kwanza, kwenye picha.
Jicho la kulia la Aiperi, jekundu kwa mwako wa kamera.
La kushoto, jeupe
kama kigae cha kikombe.

Mtoto wa jicho, wakasema.
Nikajibu kwa sauti kubwa: hayo si maradhi ya vikongwe?
Korido nzima ikageuka kunitazama,
na binti yangu, miaka miwili na nusu,
akainamisha kichwa upande, kama kawaida yake,
kuitafuta sauti yangu kwa jicho moja.

Tulivuka Dolon usiku, theluji ikitupiga usoni mwa gari.
Bishkek, daktari Uulkan akafungua kisanduku:
lenzi, upana wa dengu,
na vikono viwili vyembamba vya kujishikiza.
Hukunjwa, akasema, hupita kwenye tundu,
humo ndani hujikunjua yenyewe.

Nikauliza swali la fundi.
Nyumba bado inajengwa, daktari. Jicho litakua.
Hiki nacho kitakua?

Hakikui.
Tumelipimia jicho la ukubwani.
Kwa sasa kitampwaya; miwani itafidia.

Miaka kumi na tisa nakata vioo,
sijawahi kukata kimoja
cha ukuta ambao haujasimama.

Wakampa nusu kaputi. Nilibaki na kiatu chake,
kimoja tu; kingine hatujakiona hadi leo.

Sasa kila jioni, saa mbili nzima,
tunaliziba jicho zima kwa kiraka
ili lile jipya lijifunze kazi.
Dirisha lipo. Ndani hakuna aliyezoea kuchungulia.
Anabandua, tunabandika. Anauma.
Tunamhonga parachichi-dogo zile kavu, za rangi ya chungwa,
mke wangu anazihesabu, mimi nadanganya hesabu.

Jana, kiraka usoni, miwani juu ya kiraka,
aliushika mkono wangu, akausogeza hadi puani,
akakifikia kidole gumba, penye kovu la kioo
la mwaka nilipoanza kazi.
Akaligusa.
"Hapa pamevunjika," akasema.

Ndiyo, nikasema, pamevunjika.
Akataka nyingine. Nikampa mbili.