Shikamoo, Mzee Litre

Februari ile moto ulishuka kilimani
ukampita mbwa wangu mbio.
Ulikula mikaratusi, ukarukia misonobari,
ukatuachia mabati yamejikunja kama majani ya chai
na jirani wasiojua pa kuanzia kufagia.

Mwezi wa tano likaja lori la manispaa:
miche ya mikaratusi, bure, kumi kwa kila nyumba.
Mimi nilichukua kumi na mitano.
Herminda Catrileo aliomba mifuko mitupu tu.

"Mti unaokunywa kabla yako," alisema,
"usiukaribishe mezani."
Nikacheka.

Akashuka bondeni, kwenye ufa wa mlima
ambako moto ulipita juu kwa juu, ukasahau.
Nilimfuata. Udaku, sikatai.
Mbele ya mti mfupi, majani magumu kama ngozi ya kiatu,
alisimama, akavua kofia:
"Shikamoo, mzee Litre."
Nikamuuliza kama jua limemzidi.
"Msalimie. Huwasha wasio na adabu."
Sikumsalimia.
Siku tatu nilijikuna ukutani kama ng'ombe.

Alirudi na mbegu za mpeumo, za mboldo,
na za mkiyai, ambao gamba lake hutoa povu;
kwa povu hilo mama yake alimwosha nywele
hadi siku ya harusi.
Akazipanda katika makopo ya maziwa yaliyobabuka,
akayapanga kivulini, akakaa nayo
kama mtu anayesubiri zamu hospitali.

Makopo arobaini, miche tisa.
Kiangazi kilichofuata kikachukua mitatu.
Mwaka wa tatu mikaratusi yangu ikachungulia juu ya paa,
nami nikatembea kifua mbele
mpaka asubuhi kisima kilipokohoa,
kikatema tope,
kikanyamaza.

Kwake, mkiyai ulikuwa umefika gotini.
Goti lake, si langu; na Herminda ni mfupi.
Lakini chini yake udongo ulikuwa na unyevu,
na maua ambayo hakuna aliyeyapanda,
yenye michirizi kama shavu la paka,
yalikuwa yameamka kutoka majivuni
bila kuomba ruhusa.

Novemba aliniita kwa kidole, bila sauti.
Juu ya ua, nyuki.
Si hawa wadogo wa mizinga. Huyu mnene kama gumba langu,
manyoya rangi ya chungwa bivu,
ananguruma kama redio iliyopoteza stesheni.
Mara ya mwisho nilimwona nikiwa na meno ya utotoni;
nilidhani nilimwota.
Aliteleza, akajaribu tena, akazama mzima,
makalio nje,
akatoka amejaa unga kama mwokaji mikate.
Akaenda zake.
Kesho yake tulingoja hadi chai ikapoa. Hakuja.

Jana nilikata mkaratusi wa kwanza.
Imebaki kumi na minne,
na kisiki, bila haya, tayari kinachipua.
Nilimwomba Herminda kopo moja. Akakataa.
"Mbegu ziko zilekule. Njia unaijua."

Basi leo nimeshuka, kofia mkononi kabla sijafika,
na kwa kila mti mfupi ninaoukuta,
maana sijui yupi ni yupi,
nainama:
shikamoo, mzee.
Shikamoo.
Nipishe nipite.