Saa Tisa ya Ettore

Nilipomwambia Baya wa duka la umeme natafuta kompresa
aliniletea ya friji, nyeusi, nzito, ina kovu la kuchomelewa,
akaipangusa vumbi kama anayempangusa mtoto kamasi.
"Hii ya Japani. Haifi."
Nikamwambia yangu ni ya gita.
Akanitazama. "Gita lako linagandisha nini?"

Siku ile nilikosa jibu. Leo ninalo:
linagandisha sauti, isianguke kabla sijamaliza kuitaka.

Maana kidole gumba changu, tangu kibanwe na mlango wa gereji,
kina tabia zake:
noti moja kinaizaba kibao, inayofuata kinaipapasa,
na Safari wa besi hunigeukia jukwaani
kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Ettore alikuwa anauza kila kitu, anarudi kwao.
Jiko, chandarua, baiskeli isiyo na tandiko,
na mezani pedali mbili.
Moja ina vifundo vitano na taa ya buluu.
Nikaikanyaga, nikazungusha; kila kifundo kinamwomba mwenzake ruhusa,
nami mikono yangu ni miwili.
Nyingine vifundo viwili, rangi imebanduka pale wayo ulipozoea.
Nikapiga kwa nguvu: ikanishika bega.
Nikapiga kwa woga: ikasema, rudia, nimekusikia.
Nikauacha uzi mmoja ulie peke yake
hadi Ettore akamaliza kufunga boksi la vikombe.
Elfu nne na mia tano.
Mke wangu alikuwa amenituma jiko.

"Weka yeye kwanza," akasema, "gita, halafu yeye, wengine nyuma.
Kifundo ya kubana, wewe weka saa tisa. Saa tisa tu, basi."

Jumamosi, harusi ya Maweni, nikaweka saa tisa.
Saa tisa yangu: alasiri, watoto wanatoka shule,
mshale mfupi umelala kulia.
Noti zote zikasimama kimo kimoja,
zimevaa sare.
Na kila tuliponyamaza, pedali haikunyamaza:
ilichota mvumo wa spika, feni ya ukumbi,
jenereta nyuma ya ua,
ikavileta mbele kana kwamba navyo vina kadi ya mwaliko.
Watu walicheza, sisemi hawakucheza.
Mama wa bibi harusi alinituza mia mbili.

Nyevu, binti yangu, alikuwa anakunja waya.
"Baba, leo sijajua ulikasirika wapi."
Sikukasirika, nikamwambia.
"Ubeti wa tatu hukasirika siku zote. Kisha unaomba radhi.
Leo ulikuwa kama yule wa redio anayesoma matangazo ya vifo."

Neno hilo nililala nalo, nikaamka nalo.
Asubuhi, chai mkononi, nikamuuliza saa ngapi.
"Saa tatu," akasema, bila kuinua kichwa.
Nikatazama ukutani.
Mshale mfupi ulikuwa juu ya tisa,
kushoto, umetulia, kama ambaye hajawahi kufichwa.

Chai ilinitoka puani.
Miaka ishirini Malindi, Ettore bado anasoma namba iliyoandikwa,
na mimi nasoma jua lilikofika,
na kati ya saa yake na yangu
nimeibana harusi nzima ya watu.
Nikampigia nimcheke. Namba haipatikani.

Nikachomeka gita. Spika chini, mgonjwa yuko nyumba ya pili.
Nikakirudisha kifundo kushoto, taratibu,
hadi gumba likaanza kuonekana tena,
si kidonda chote, kovu tu.
Nyevu akaja akasimama mlangoni na sufuria la kuosha.
Ubeti wa kwanza. Wa pili.
Kwenye wa tatu nikakasirika.
Ikaniacha nikasirike.
Ikanishika kwenye radhi.