Mara Saba, Kisha Moja

Mvua ya Patra haijakoma tangu Jumanne.
Dengu zinatokota, paka wa jirani amelalia daftari la mahudhurio,
nami nasahihisha insha ishirini na saba
kuhusu tamthilia ile ile, kongwe kuliko kanisa letu,
swali lile lile la wizara:
Jadili sifa za mhusika mmoja na umuhimu wake.

Karibu wote wamemchagua mfalme.
Mfalme ana kiburi. Mfalme ni katili.
Mfalme haambiliki, hasemezeki.
Iordanis ameandika kiburi mara kumi na nne,
mara moja kwa herufi kubwa, wino ukapenya hadi upande wa pili.
Sawa. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na mbili.
Ndivyo nilivyowafundisha:
mji una ndwele, mfalme ameamuru lango lisifunguliwe
hadi alfajiri, aje nani, alie nani;
na usiku huo aliyekuja ni binti yake.

Kisha insha ya Zafiria,
yule akaaye karibu na radieta, koti halivui.
Yeye amemchagua bawabu.

Bawabu! Hana hata jina.
Mistari kumi na mmoja katika mchezo mzima.
Kwenye mwongozo wa kusahihisha yumo ndani ya "wahusika wengine",
na kiangazi kile nilichokwenda kuutazama Athene
aliigizwa na kijana wa kubeba mapambo,
wamemvika ndevu za gundi.

Zafiria anaandika:
Sifa ya kwanza ya bawabu ni kwamba anajua kuhesabu.

Nikaweka kijiko chini.

Tazama, anasema, onyesho la nne. Mfalme anamhoji,
naye anajibu magoti yakiwa vumbini:

          Nilikuwa nimelala, sikusikia mlio.

Mfalme anamsadiki. Sisi pia tunamsadiki,
tuna haraka ya kumwona mfalme akirarua joho.
Lakini geuza kurasa mbili. Wanawake wa kisimani
wamemzunguka na mitungi yao, hakuna mkubwa karibu,
na mmoja anauliza tu, je, aliteseka?

          Mara saba aligonga, kisha moja, ikaisha.

Aliyelala hahesabu, anaandika Zafiria.

Miaka kumi na tisa nafundisha tamthilia hii.
Mistari hiyo naijua kwa ghibu, naweza kuisema nikimenya vitunguu,
na sijawahi kuuweka mmoja kando ya mwenzake.

Si katili, anaendelea. (Mwandiko unaanza kulala upande.)
Wala si mwoga tu. Mwoga tu angeziba masikio.
Yeye aliketi, ufunguo pajani, akazipokea zote nane
kama mtu anayehesabiwa chenji.
Kikohozi kile alikijua; ndiye aliyembeba begani utotoni.
Umuhimu wake: mfalme alitamka neno,
lakini neno halina bawaba.
Mlango ndio wenye bawaba, na bawaba ina bawabu.
Mwishoni mfalme anakufa, kwaya inamlilia.
Bawabu hafi. Kesho yake ana zamu.

Hapo chini pana sentensi iliyokatwa.
Amepitisha kalamu mara tatu, lakini chini ya taa ya jikoni inasomeka:
Baba yangu, geti namba sita bandarini, naye huhesabu.

Geti hilo nalijua.
Usiku, malori yakipanga foleni ya meli za kwenda Italia,
vijana hujipenyeza chini ya maturubai, kati ya ekseli,
na yapo makontena yanayogongwa kutoka ndani.
Baba yake nilimwona siku ya wazazi, Bwana Thrasivoulos.
Alikunja kofia mikononi, akaniuliza kama mtoto anatia bidii.
Nikasema ndiyo. Akasema asante. Akaikunjua kofia.

Mwongozo hauna alama za bawabu.
Dengu zimeungua chini, nanusa.
Naandika kumi na nane juu ya ishirini,
naifuta, naiandika tena,
na pembeni, kwa penseli, ili aweze kuifuta akitaka:
Umekata sentensi moja. Alama mbili zilizopungua zimo humo.