Penseli ya Kijani

Miaka kumi na tisa nimekaa chumba cha ramani,
dirisha langu likitazama ukuta,
kazi yangu kupaka rangi:
njano makazi, nyekundu biashara,
na kijani, kijani kidogo, palipoandikwa
eneo la wazi.

Nimepaka kijani Igogo bila kufika Igogo.
Nimepaka kijani Mabatini, kando ya Mirongo,
kipande chenye umbo la kisigino,
nikapuliza vumbi la penseli, nikaenda kula.

Siku waliponituma nikakihakiki
nilifika na ramani kwapani, viatu vinang'aa.
Kijani changu kilikuwa jaa.
Mapanki, nepi, friji lisilo na mlango,
na kongoti watatu wamesimama
kama makarani waliocheleweshewa mshahara.

"Eneo la wazi," nikasoma kwa sauti.
Juu ya jabali mwanamke akacheka,
Nkwimba, anageuza michembe yake juani.
"Wazi kweli," akasema.
"Hata mafuriko huingia bila hodi."
Akanionesha ukutani alama ya maji
ya usiku ule Mirongo ulipopanda.
Nikasimama kando yake. Ilinifika begani.

Sikuanza mimi. Nisijipambe.
Walianza wao, kwa toroli la kukodi
na vijana wa gereji waliodai chai tu.
Siku tatu uchafu ulitoka kama hadithi ya mlevi,
kila ukidhani imeisha, "halafu sasa…"
Chini ya uchafu, udongo.
Chini ya udongo, jiwe,
pana, jeusi, lina joto kama mgongo wa ng'ombe,
na hapakuwa na aliyejua kwamba tunalo.

Mawe madogo wakayapanga bila saruji,
ngazi baada ya ngazi,
maji yapate pa kupumzika kabla ya kuingia ziwani.
Matete wakayapanda mferejini.
Mikuyu mitatu; mmoja ukaliwa na mbuzi wa Magesa.
Benchi lilitoka kwenye mtumbwi uliooza kule Kirumba,
bado lina tundu la msumari, watoto hutia kidole.

Mimi nilichangia nini? Muhuri.
Barua yenye muhuri, kusema hapa si pa mtu,
na kwa sababu hiyo ni pa watu.

Mvua ya Machi ilikuja usiku.
Ikajaa ngazi ya kwanza, ya pili, ikashuka
ikinong'ona. Asubuhi nilipita kutazama:
alama ya ukutani haikupata mdogo wake.
Jioni wanafunzi huja na madaftari,
taa ya pale ni ya jua, haina mwenye kuidai bili.

Ningeishia hapa, shairi lingependeza.

Lakini Mhoja, aliyekuwa akiziba pancha pale jaani,
leo anaziba ng'ambo ya barabara, juani kabisa,
maana bustani, wamemwambia, haipendi grisi.
Yeye naye alisukuma toroli.
Na Nkwimba jana kanisimamisha:
mwenye nyumba kaongeza elfu kumi na tano kwa mwezi.
"Eti ya mandhari," akasema.
Mandhari aliyoyabeba mwenyewe
kichwani, karai kwa karai.

Nimerudi kwenye ukuta wangu.
Penseli imebaki urefu wa kidole gumba.
Naitazama pembe ya kile kisigino,
pale mkuyu wa mbuzi ulipokuwa,
na kwa rula nachora kisanduku,
mita nne kwa tano, pembeni naandika: pancha, kivuli.
Kuhusu kodi ya Nkwimba nimeanza barua,
nimeifuta mara mbili; sijui ofisi gani ina muhuri huo.

Mkuu atauliza kisanduku hiki ni rangi gani.
Si njano. Si nyekundu.
Nimemwaga penseli zote mezani, kumi na mbili,
nazigeuza moja moja,
kama michembe.