Ujumbe wa Watu Mia Mbili na Kumi na Wanne

Gereji yangu, hapa Orem, Utah,
haina gari. Gari linalala nje na theluji.
Ndani kuna maboksi arobaini na moja
ya mafuta ya mrujuani na mnanaa,
na juu ya kila boksi, kwa kalamu nyekundu,
jina la mtu niliyedhani atanunua.

Kaylynn Ostler ndiye aliyenisajili.
Alinifunza mezani pake,
kucha zikigonga kioo cha simu:
Andika wote. Shemeji, daktari wa meno,
uliyekaa naye dawati moja darasa la tatu.
Usimchague mtu, kila mtu ana kichwa kinachouma.
Kisha akanipa maneno yaliyokwisha kupikwa,
kazi yangu kupakua:

"Habari mpendwa! Leo nimekukumbuka ghafla.
Nikasema, lazima nimtafute. U hali gani?"

Nikabonyeza. Mara mia mbili na kumi na nne
nikamkumbuka mtu ghafla,
kati ya saa tatu na saa tano asubuhi,
uji wa mtoto ukiungua.

Wengi walinyamaza.
Binamu yangu Delwyn alijibu: Shilingi ngapi safari hii?
Mwalimu wangu wa zamani wa piano
aliandika ukurasa mzima kuhusu goti lake.
Nikaruka hadi mstari wa mwisho
kutafuta upenyo wa kupitisha chupa.

Halafu Ardith.
Tulilala hema moja kambini, tukiwa na miaka kumi na miwili,
tukagawana soksi kavu, moja kwake, moja kwangu.
Miaka kumi na tisa sijampigia simu.
Aliandika saa nane usiku:

"Verlene, umejuaje?
Tumemzika Jumanne. Watu wameshachukua vyombo vyao.
Nilikuwa jikoni nikisema, basi, nimesahauliwa,
simu ikalia. Hujui umenifanyia nini."

Sikujua.
Sikujua hata aliyezikwa ni nani.

Nikakaa juu ya boksi.
Kijitabu cha Kaylynn kina jibu kwa kila mlango unaofungwa:
la "sina pesa", la "mume wangu hataki",
la "huu si upatu huu?"
Ukurasa wa thelathini: Mteja akifiwa,
mrujuani, matone manne. Mpe pole kwanza.
Kwanza!
Na kidole changu, Mungu anisamehe,
kilikuwa kimeshaandika: Nina kitu kitakacho

Mtandao, tunauita. Buibui naye ana wake,
ila yeye hamwiti nzi mpendwa.

Nikafuta. Nikamenya viazi,
vile vya jibini tunavyowapikia wafiwa huku,
nikaendesha saa mbili hadi Tremonton,
chumvi ya barabarani ikirukia kioo,
na kiti cha nyuma, kwa mara ya kwanza tangu Machi,
hakina chupa hata moja.

Nilimwambia mlangoni, bakuli lingali mikononi:
"Ardith, ujumbe ule haukuwa wako.
Ulikuwa wa watu mia mbili na kumi na wanne."

"Najua," akasema. "Niliuza mishumaa miaka mitatu.
Asubuhi niliyatambua maneno.
Usiku, lakini, niliyahitaji.
Ingia, unaniletea baridi."

Aliitwa Royce, mumewe.
Alitengeneza saa za ukutani, na hakuna mbili zilizokubaliana.
Tulikaa chini yake tukasikia
saa sita ikigonga kwa dakika kumi nzima.

Wewe uliyesajiliwa juzi ukaniuliza siri,
sina hatua saba za kukupa.
Uza. Mafuta si dhambi,
mnanaa kweli hufungua pua.
Ila "nimekukumbuka" usiliazime.
Lina mwenyewe, na mwenyewe huja kulidai
saa nane za usiku.

Niliporudi niliitafuta barua ya mwalimu wa piano,
nikaisoma kutoka juu, bila kuruka.
Ni goti la kushoto.
Humuuma zaidi akishuka ngazi.