Steshini Chini ya Ngozi

Baba yangu, fundi Chinduli, alikuwa na kibanda
nyuma ya soko la Newala. Redio za watu
zilingoja kwenye rafu, matumbo nje,
kila moja na kikaratasi:
*Mwl. Nang'uto, Mkunya. Haishiki usiku.*

Hizo ndizo alizozipenda, zisizoshika usiku.
Aligeuza kitufe kwa ncha za vidole viwili,
taratibu, kama anayemfungua mtoto mchanga vifungo,
mpaka Msumbiji ipande pamoja na ukungu
kutoka Shimo la Mungu:
Kireno kwanza, kisha Kimakonde, kisha mtu anakohoa.
"Hapo," angesema. "Hapo hapo. Mtu asiguse."

Mkono ulianza mwaka ule wa ubwiri unga.
Kidole gumba. Halafu kikombe.
Halafu chuma cha lehemu kikamwangukia pajani,
akafunga kibanda saa nne asubuhi
na hakusema kitu mpaka Ijumaa.
Watu walisema wanayosema watu.
Mama Somoe hakuwajibu; aliuza ekari mbili za Kitangari,
mikorosho ikiwa na maua.

Dar walimtoboa fuvu akiwa macho.
Taja miezi, walimwambia, fungua kiganja, funga.
Alipofika Septemba mkono ulitulia
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la utotoni.
Waya zikapitishwa nyuma ya sikio, zikashuka shingo,
hadi kwenye betri chini ya mtulinga,
duara, kama nusu ya kibati cha kiwi.
"Sasa redio ni mimi," akatuambia, akajigonga kifua.
Tulicheka. Tulikuwa na haki ya kucheka.

Miezi saba alikunywa chai bila kumwaga.
Alipitisha uzi kwenye sindano ya mama
mara tatu, nne,
sindano ambayo hakuna aliyetaka kuitumia.

Mwezi wa nane kikombe kikaanza tena kuongea na sahani.

Mtwara waliweka picha ya eksirei kwenye mwanga.
Waya zilikuwa zimesokotana kifuani
kama kamba ya kisima iliyochezewa na mtoto,
zimefupika, na huko juu, ndani ya kichwa,
zimeng'oka mahali pake
kwa upana wa punje ya mtama.

"Kuna mtu anaizungusha betri," daktari akasema.
Baba akamtazama mama.
Mama aliutazama mkono.

Ulikuwa uleule. Uliopona.
Usiku, mwenyewe amelala, ulipanda kifuani,
ukakuta chini ya ngozi kitu cha duara,
ukafanya ulichokifanya miaka thelathini na nane:
ukatafuta.

"Ni nadra sana, mama. Labda mmoja katika mia."
"Na hao tisini na tisa," mama akauliza, "wanakaa wapi?"
Daktari alipanguza miwani ambayo ilikuwa safi.

Walimpasua mara ya pili.
Betri ikashonewa kwenye nyama, kwa uzi usiooza,
na akaonywa kwa maneno yake mwenyewe: usiguse.
Lakini usingizi hausikii maonyo.
Mama alimfunga mkono kwa kanga, usiku mmoja tu.
Alilia ndotoni, kilio chembamba,
kama redio iliyopotea kati ya miji miwili.
Alfajiri nikamkuta mama anafungua fundo
kwa meno.

Akaenda kibandani.
Akaichukua ile ya Mwalimu Nang'uto,
aliyefariki bila kuja kuifuata,
akaitoa betri, akaifuta vumbi,
akailaza chini ya kiganja cha mumewe.

Basi sasa, nikiamka usiku wa manane,
nasikia kitufe kinakwaruza ng'ambo ya ukuta,
mbele kidogo, nyuma kidogo.
Redio haina betri. Haisemi kitu.
"Hapo," baba anasema, katikati ya usingizi.
"Hapo hapo."

Na mama, ambaye najua hajalala,
anapunguza pumzi
ili asikie.